Jaji Mmoja, Shahidi Mmoja, Kamba Moja

Katika nchi yetu lipo neno ambalo watu hulitamka kwa urahisi sana, lakini hakuna anayetaka kulitenda. Neno hilo ni "wanyongwe". Husemwa vilabuni, husemwa nje ya misikiti na makanisa baada ya ibada, husemwa ndani ya basi la kwenda Masasi redio inapotangaza habari za mauaji. Hata hivyo, tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna mtu aliyenyongwa kwa amri ya mahakama ya Tanzania. Marais wamepokezana Ikulu na kila mmoja ameiacha kalamu mezani. Mwezi wa Septemba 2017, Rais Magufuli, mtu ambaye hakuwa na sifa ya kuogopa kuamua, alisema hadharani siku ya kumwapisha Jaji Mkuu kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa, kwa kuwa alijua ugumu wa kutoa idhini hiyo.

Mimi nauliza: ikiwa jambo hili lilikuwa zito kwa Rais mwenye jeshi, polisi na magereza, kwa nini liwe jepesi kwetu tunaokaa barazani tukibangua korosho? Na kama taifa zima halina mtu aliye tayari kulitenda, kwa nini tunaendelea kuliandika katika sheria na kumlazimisha jaji alitamke?

Nasema wazi tangu mwanzo ili msomaji asihangaike kutafuta msimamo wangu. Hukumu ya kifo iondolewe. Sisemi hivyo kwa kuwaonea huruma wauaji. Hapa Kiegei nimebeba jeneza la mtu aliyekatwa mapanga usiku, na nimewaona watoto wake wakiuliza baba amekwenda wapi. Nasema hivyo kwa kuwa mahakama ni kazi ya binadamu, na kamba haina rufani.

Mjomba wangu mkubwa, ambaye kwa desturi yetu ya Kimwera ndiye mwenye kauli katika ukoo, hakubaliani nami hata kidogo. "Mpwa wangu," aliniambia mara moja, "mambo haya hayakuanzishwa na Serikali. Yamo katika Taurati. Jicho kwa jicho, roho kwa roho. Wewe ni nani wa kumsahihisha Mungu?"

Swali la mjomba ni zuri, na halijibiwi kwa kebehi. Waislamu na Wakristo wa wilaya yetu ya Nachingwea wote huinama mbele ya Taurati, na kila anayetaka kunyonga hukimbilia huko. Basi nami nimekwenda huko huko. Nimejiuliza: wale waliopewa kitabu hicho kwanza, wakakaa nacho maelfu ya miaka, wakakigeuza sheria ya mahakama, wao walikisomaje? Jibu limenishangaza, na nadhani litamshangaza kila anayedhani kwamba mwenye kupinga kamba anapinga dini.

Taurati yenyewe inataja makosa mengi yanayostahili kifo, na wanavyuoni wa Kiyahudi, yaani marabi, hawakufuta hata moja. Waliyaacha yalivyo kitabuni. Walichofanya ni kuijenga mahakama kwa namna ambayo adhabu ile haikuweza kutoka ila kwa shida kubwa mno. Taratibu hizo ziliandikwa katika kitabu kiitwacho Mishna, kilichokusanywa karibu mwaka 200, na zikafafanuliwa katika Talmudi. Nitazieleza chache, na ninamwomba msomaji azipime moja moja na mahakama zetu.

Kwanza, kesi ya roho ya mtu haikuamuliwa na mtu mmoja. Walikaa waamuzi 23. Wakipatikana 12 wa kumwachia na 11 wa kumtia hatiani, aliachiwa. Lakini 12 wa kumtia hatiani dhidi ya 11 hawakutosha. Ilipasa wazidi kwa wawili. Mjadala ulianza na hoja za kumtetea, si za kumshitaki. Wadogo walisema kwanza, ili wasiogope kupingana na wakubwa. Aliyekwisha kumtetea mshitakiwa hakuruhusiwa kugeuka na kumshitaki, ila aliyemshitaki aliruhusiwa kugeuka na kumtetea. Hukumu ya kumwachia iliweza kutolewa siku ile ile. Hukumu ya kifo ilisubiri hadi kesho yake, waamuzi walale nayo kwanza. Na Talmudi ina jambo la ajabu zaidi: wote 23 wakikubaliana pasipo hata mmoja wa kumtetea, mtu yule aachiwe. Marabi waliona kwamba mahakama ambamo hakuna hata sauti moja ya mshitakiwa, hiyo si mahakama tena.

Pili, shahidi mmoja hakutosha. Ilipasa wawe wawili, walioona kwa macho yao, na ilipasa mtendaji awe ameonywa kabla ya kutenda kwamba kitendo kile adhabu yake ni kifo. Mashahidi waliulizwa mmoja mmoja, mwaka gani, mwezi gani, siku gani, saa ngapi, mahali gani. Inasimuliwa kwamba mwamuzi mmoja, Ben Zakkai, katika kesi ya mauaji yaliyotokea chini ya mtini, aliwauliza mashahidi habari za vikonyo vya tini za mti ule. Kwa lugha ya huku kwetu ni sawa na kumwuliza shahidi: huo mkorosho unaosema aliuawa chini yake, mabibo yake yalikuwa mekundu au ya manjano? Wakitofautiana, ushahidi wao ulianguka.

Tatu, kabla ya kusema neno, mashahidi waliogofywa. Walikumbushwa kwamba katika kesi ya mali mtu akikosea hulipa akasamehewa, lakini katika kesi ya roho, damu ya aliyekufa na damu ya vizazi ambavyo angevizaa humlalia shahidi hata mwisho wa dunia. Walikumbushwa kwamba Mungu alianza na mtu mmoja peke yake, kwa hiyo anayeangamiza roho moja ni kama ameangamiza ulimwengu mzima. Msomaji Mwislamu atakuwa ameshtuka, maana maana hiyo hiyo anaijua kutoka katika Sura ya Al-Maida, ambapo imeelezwa kuwa waliandikiwa Wana wa Israeli. Kumbe mjomba na mimi tunasoma ukurasa mmoja.

Nne, ushahidi wa mazingira haukukubaliwa kabisa. Shimon ben Shetach alisimulia kwamba aliona mtu akimfukuza mwenzake hadi ndani ya gofu. Akawakimbilia, akamkuta mmoja ana upanga mkononi unaochuruzika damu, na mwingine anagaagaa akikata roho. Hakuwapo mtu mwingine ndani. Hata hapo hakuweza kumhukumu, kwa kuwa hapakuwa na wawili walioona pigo lenyewe.

Tano, na hili naomba likae moyoni mwa kila polisi na kila wakili: maungamo ya mshitakiwa hayakuwa ushahidi. Mtu hakuweza kujitia hatiani kwa kinywa chake mwenyewe. Hata akisema mbele ya mahakama kwamba yeye ndiye aliyeua, maneno yake hayakumpeleka kwenye kifo.

Mwisho, hata baada ya hukumu, njiani kuelekea mauti, mtu mmoja alisimama mlangoni pa mahakama akishika kitambaa, na mwingine akakaa juu ya farasi mahali ambapo angemwona. Akitokea yeyote mwenye neno la kumtetea, kitambaa kilipungwa, na mwenye farasi akaenda mbio kumrudisha mhukumiwa. Hata mhukumiwa mwenyewe akisema ana neno, alirudishwa, mara nne, mara tano, ilimradi neno lake lina uzito. Na walioanza kutekeleza hukumu ile walikuwa mashahidi wenyewe. Aliyesema "nimeona" ilimpasa atie mkono wake.

Katika Mishna hiyo umo mjadala mfupi ambao kwa maoni yangu ungepaswa kusomwa katika kila shule ya sheria. Mahakama inayoua mtu mmoja katika miaka saba, wakasema, ni mahakama ya maangamizi. Rabi Eleazar ben Azaria akasema, si miaka saba, hata miaka sabini. Rabi Tarfon na Rabi Akiva wakasema kwamba lau wao wangekuwamo katika baraza, asingeuawa mtu yeyote kamwe. Akainuka Rabi Shimon ben Gamliel akawajibu kwamba watu wa namna hiyo wangeongeza wamwagaji damu katika taifa.

Naam! Mjomba wangu yumo ndani ya Mishna. Anaitwa Shimon ben Gamliel. Maneno yake hayakufutwa, yamehifadhiwa, na mimi nitayajibu. Lakini kwanza tupime mahakama zetu.

Kwetu Tanzania bara, kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu na jaji mmoja. Si 23, mmoja. Akikuta kosa limethibitika, sheria haimruhusu kupima. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama kifungu cha 197, inamtaka atamke kifo na si kingine, isipokuwa kwa mjamzito na kwa aliyetenda akiwa chini ya miaka 18. Aliyeua kwa kukodiwa na mke aliyeua baada ya kupigwa miaka kumi, wote neno ni hilo hilo. Marabi waliifunga mikono ya mwamuzi asiue. Sisi tumeifunga asisamehe.

Shahidi je? Sheria yetu ya Ushahidi inasema haitakiwi idadi maalumu ya mashahidi kuthibitisha jambo lolote. Mmoja akiaminiwa anatosha. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ilitahadharisha vikali juu ya utambuzi wa kuona kwa macho, hasa usiku, ikataka iulizwe mwanga ulikuwa wa namna gani, umbali ulikuwa gani, shahidi alimtazama kwa muda gani. Hayo ndiyo maswali ya Ben Zakkai, na ninawapongeza majaji wetu kwa kuyafikia. Lakini tahadhari si kizuizi. Shahidi mmoja, koroboi moja, na jaji aliyeridhika, vinatosha kumpeleka mtu kitanzini.

Na maungamo? Tangu kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1967, mtu aliyekiri kisha akakana anaweza kutiwa hatiani kwa ukiri ule ule hata bila ushahidi wa kuunga mkono, ikiwa mahakama imejionya na kuridhika kwamba ulikuwa kweli. Hapo ndipo ninapotetemeka.

Katika ukoo wetu yupo kijana, mtoto wa dada yangu, aliyekaa mahabusu miaka mingi kwa kesi ya mauaji. Kesi za namna hiyo hazina dhamana. Kila alipofikishwa mahakamani aliambiwa upelelezi haujakamilika. Mwishowe shauri likaondolewa, akarudi nyumbani amekonda, mikorosho yake imeliwa na msitu, mkewe ameolewa na mwingine. Faili lake lilikuwa na karatasi ya kukiri yenye dole gumba lake. Nilimwuliza, "Mpwa wangu, kwa nini ulikiri jambo usilolitenda?" Akanijibu, "Mjomba, usiku ule ningekiri hata kwamba ni mimi niliyemuua Habili." Kituo alikofanyiwa hayo sikitaji. Ninachosema ni kwamba dole gumba lile lilikuwa dole lake kweli, na karatasi ilikuwa karatasi kweli, na kama shauri lisingeondolewa, pengine jaji mwema angeridhika.

Wanaodhani kwamba maungamo hayasemi uongo waje Nachingwea wafundishwe historia. Hapa wilayani ilikuwapo kambi kubwa ya wapiganaji wa FRELIMO, na sisi tunajivunia kuwa tulisaidia kuikomboa Msumbiji. Lakini katika kambi hiyo hiyo, mwezi wa Mei 1975, majuma machache kabla ya uhuru wa Msumbiji, Uria Simango, mchungaji aliyekuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO, alisimamishwa mbele ya umati akasoma ungamo refu la maandishi la usaliti wake. Hakufikishwa kamwe mbele ya mahakama yenye wakili na rufani. Baadaye yeye na wenzake waliuawa kwa siri nchini kwao, na jamaa zao hawakupewa makaburi. Ungamo lilikuwapo. Lilisomwa kwa sauti, watu wakalisikia. Je, liliwathibitishia nini? Marabi wale wangesema: halijathibitisha chochote. Nami nasema vivyo hivyo.

Linalonitia moyo ni kwamba Msumbiji yenyewe ilijifunza. Katiba yake ya mwaka 1990 iliifuta adhabu ya kifo. Ng'ambo tu ya mto Ruvuma, nchi iliyopita katika damu nyingi kuliko yetu, iliamua kwamba dola haitaua tena kwa hukumu. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ambayo hakuna binadamu anayeweza kuyatolea adhabu ya kutosha, iliifuta mwaka 2007. Burundi ikafuata mwaka 2009, Zambia mwaka 2022. Uganda na Kenya hazijaifuta, lakini zimeukata ulazima wake: Uganda kwa kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, na Kenya kwa kesi ya Muruatetu mwaka 2017. Sisi ambao hupenda kujiita kisiwa cha amani, majirani wametupita karibu pande zote.

Tena si kwamba hatukupata mwanga. Mwaka 1994, kule Dodoma, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inadhalilisha utu, hivyo inapingana na Katiba. Akawapa wahukumiwa kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Na iliitenguaje? Ilikubali kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kikatili na inadhalilisha! Ila ikasema Katiba inaruhusu haki za mtu kuwekewa mipaka kwa manufaa ya jamii, na kwamba ni juu ya jamii yenyewe kuamua. Ndugu msomaji, soma tena. Mahakama yetu ya juu kabisa imesema jambo ni la kikatili, kisha ikatuachia sisi. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliangalia swali lile lile, ikaifuta.

Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo inakaa Arusha, katika ardhi yetu wenyewe, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo ni kuvunja haki ya kuishi, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Hukumu hiyo ilitolewa tarehe 28 Novemba. Wiki moja kabla, Tanzania ilikuwa imewasilisha barua ya kuondoa ridhaa iliyowaruhusu wananchi kupeleka malalamiko yao moja kwa moja katika mahakama hiyo. Marabi waliweka mtu mlangoni na kitambaa na mwingine juu ya farasi, ili neno la utetezi lisichelewe. Sisi tulikuwa naye huyo wa kitambaa pale Arusha, tukamfungia mlango.

Sasa nimjibu mjomba, na Shimon ben Gamliel pamoja naye. Hoja yao ni kwamba bila kamba wauaji watazidi. Kama ni hivyo, basi sisi tumekwisha kuijaribu hoja hiyo kwa miaka thelathini, maana kamba haijatumika. Anayeua leo anajua hilo kama tunavyolijua. Mwaka 2009, ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi walipokuwa wakiwindwa kama wanyama, Mahakama Kuu ilikaa Kahama ikawahukumu kifo watu watatu. Nchi nzima ilishangilia, nami naielewa hasira ile. Lakini mauaji hayo hayakukoma. Aliyeagiza kiungo cha mtu kwa fedha nyingi haogopi hukumu, anaogopa kukamatwa, na mara nyingi hakukamatwa. Waliokamatwa walikuwa wabebaji wa panga. Kinachomzuia mwovu ni uhakika wa kupatikana: polisi anayefika siku ile ile, daktari anayechunguza maiti kabla haijaoza, shahidi anayelindwa. Hayo yanagharimu fedha. "Wanyongwe" haligharimu kitu, na ndiyo maana linapendwa.

Wengine husema kwamba Serikali isiponyonga, wananchi watachukua sheria mkononi. Ndugu zangu, kwani sasa hawachukui? Mwizi wa kuku huchomwa moto mchana, kikongwe mwenye macho mekundu huuawa kwa tuhuma za uchawi, na sheria ya kunyonga ipo pale pale. Anayemfundisha mtoto kwamba tatizo huondolewa kwa kumwondoa mtu asishangae mtoto akilielewa somo.

Wapo pia wasemao kwamba marabi wale walikuwa wapole kwa kuwa hawakuwa na madaraka. Hekalu lao lilibomolewa na Warumi mwaka 70, na mabaraza yao yalikuwa yameshapoteza uwezo wa kuua. Lina ukweli ndani yake. Tena si haki kuwafanya malaika. Sheria yao ilimwachia mfalme, na mahakama wakati wa hatari, nafasi ya kuadhibu nje ya taratibu hizo, na muuaji ambaye ushahidi ulipungua kwa ufundi tu aliweza kufungiwa katika chumba chembamba hadi kufa. Sizifichi habari hizo. Lakini mimi naona kutokuwa kwao na madaraka kunawapa uzito zaidi. Walikuwa watu walioiona dola ikiua kila siku. Misalaba ya Warumi ilisimama barabarani mwao. Rabi Akiva, aliyesema kwamba katika baraza lake asingeuawa mtu, aliuawa na Warumi hao hao yapata mwaka 135. Hakuipinga hukumu ya kifo kwa kuwa hakuijua.

Na sisi watu wa kusini hatuijui? Kilwa Kivinje pana mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro mwaka 1905, Majimaji ilipoanza. Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea kwa makumi. Hao wote leo ni mashujaa wetu, na siku ile kila mmoja alikuwa mhalifu aliyehukumiwa. Waingereza nao walituletea Kanuni ya Adhabu mwaka 1930, kisha wao kwao waliifuta adhabu ya kifo kwa kosa la kuua mwaka 1969. Walioitunga wameitupa, tuliotungiwa tumeikumbatia.

Sitaki kudanganya kwamba babu zetu hawakuua. Waliwanywesha watu mwavi. Aliyetapika alikuwa safi, aliyekufa alikuwa mchawi. Lakini ni nani leo anayetaka mwavi urudi? Tuliuacha kwa sababu tulitambua kwamba maiti si ushahidi. Kunyonga kwa shahidi mmoja na dole gumba kuna tofauti gani kubwa na mwavi, ila kwamba kuna mihuri?

Maimonides, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliona kuwa kuwaachia wakosaji elfu ni afadhali kuliko kumuua siku moja mtu mmoja asiye na hatia. Baadhi ya watu huona hayo ni maneno ya vitabuni. Basi waisome habari ya Meir Tobianski, ofisa wa jeshi la Israeli. Mwaka 1948, nchi hiyo ikiwa na umri wa majuma machache, alishtakiwa kwa upelelezi, akahukumiwa haraka haraka na kupigwa risasi siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba hakuwa na hatia, akazikwa upya kwa heshima za kijeshi. Nchi ya wajukuu wa Akiva ilisahau kulala na hukumu usiku mmoja, na heshima za kijeshi hazikumfufua mtu. Mwaka 1954 Israeli iliifuta adhabu ya kifo kwa mauaji ya kawaida.

Ninachotaka kwa wabunge wetu ni vitu viwili tu. Kwanza, ulazima ule uondolewe mara moja, ili jaji awe jaji na si mashine ya kutamka. Pili, adhabu yenyewe ifutwe, na wale waliokaa miaka na miaka katika vyumba vya kusubiri kitanzi wabadilishiwe kifungo, ili wajue kesho yao. Muuaji na afungwe, hata maisha. Akiwa gerezani, mlango una kitasa. Tukigundua tumekosea, tunaweza kuufungua. Kaburi halina kitasa.

Na kwa wale ambao bado wanasema "wanyongwe", nawapa sharti moja la kale, nalo ni la haki. Ilikuwa kwamba aliyeshuhudia ndiye aliyeanza kwa mkono wake. Basi anayetaka mtu anyongwe asimtafute askari magereza maskini amfanyie kazi hiyo alfajiri, kisha arudi nyumbani kwa wanawe asiweze kula. Ajitokeze mwenyewe, aishike kamba, amtazame mtu yule usoni, na awe na hakika kwamba alimwona kwa macho yake. Mjomba nilipomweleza sharti hilo alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mpwa wangu, hilo mimi siliwezi." Nikamwambia, "Hata Rais haliwezi, mjomba. Kwa nini basi tunaliandika?"